Damu bado inaonyesha H. pylori baada ya dozi mbili: je, nimeze ya tatu?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Morogoro. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na maumivu ya chembe ya moyo, gesi, na tumbo kujaa hata nikila kidogo. Nilipimwa damu nikaambiwa nina H. pylori, nikapewa dawa za siku saba. Nilipata nafuu, kisha maumivu yakarudi. Nikapima damu tena, bado ipo, nikarudia dozi ile ile. Nimeimaliza wiki tatu zilizopita. Juzi nimepima, bado ipo, na muuza duka la dawa ananiambia nichukue ya tatu. Kwa sasa naishi kwa omeprazoli kila siku, na mgongo ukiniuma nameza diklofenaki. Je, nimeze dozi ya tatu? Mbona mdudu huyu hafi? Na mume wangu na watoto wapimwe pia, maana tunakula sahani moja?"

Marahaba, dada, na pole sana kwa maumivu ya muda mrefu. Dozi ya tatu usiianze. Kipimo ulichofanyiwa juzi hakina uwezo wa kukuambia kama H. pylori, bakteria anayeishi tumboni, bado yupo. Tena barua yako ina mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, omeprazoli ya kila siku na diklofenaki ya mgongo, ambayo mimi nayapa uzito kuliko hayo majibu ya maabara.

Kile kipimo cha tone la damu kinachotoa mistari ndani ya dakika chache hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani chembechembe ambazo mwili hutengeneza ukikutana naye. Kingamwili hizo hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, kwa wengine miaka, hata baada ya bakteria kwisha. Ni kama nyayo za mwizi kwenye tope: zinathibitisha kwamba alipita, hazisemi kama bado yumo ndani. Mtu aliyepona kabisa, akipimwa damu wiki tatu baada ya dozi, ni kawaida kabisa kukutwa nazo. Kwa hiyo hayo majibu ya "bado ipo" uliyopewa mara mbili huenda yalikuwa kweli, huenda hayakuwa kweli. Hakuna anayeweza kujua, hata huyo aliyekupimia.

Kuna na jambo la pili. Katika nchi zetu zaidi ya nusu ya watu wazima wameambukizwa H. pylori, wengi wao tangu utotoni, na walio wengi hawataumwa kwa ajili yake maisha yao yote. Ukiwapima damu abiria wa daladala moja pale Msamvu, wengi watakutwa nayo, na baadhi yao hawajui hata kiungulia ni nini. Kumkuta bakteria kwa mtu mwenye maumivu ya tumbo si ushahidi kwamba ndiye anayemuumiza. Hali ni hiyo hiyo kwa kile kipimo cha Widal ambacho watu wengi huambiwa kwacho kwamba wana taifodi: nacho hupima kingamwili, nacho kimewamezesha watu wengi dawa wasizozihitaji. Inaniuma kuona kipimo cha damu kikiuzwa kama cha kuthibitisha kupona, kwa sababu gharama yake halisi ni hizo dozi zinazofuata.

Kipimo unachokihitaji ni cha choo kikubwa, kinachotafuta antijeni za H. pylori, yaani vipande vya bakteria mwenyewe anayeishi tumboni sasa hivi. Maabara nyingi za hospitali za mikoa na za binafsi wanacho. Unapoagiza, sema wazi: "Nataka kipimo cha antijeni ya H. pylori kwa choo, si cha damu." Kipo pia kipimo cha pumzi, ambacho ni kizuri sana lakini kinapatikana katika hospitali chache. Hiki kinatumia udhaifu mmoja wa bakteria huyu. Ili aweze kuishi ndani ya asidi, hutoa kimeng'enya kinachovunja urea na kutengeneza amonia, ambayo humpoozea asidi iliyo karibu naye. Mgonjwa hunywa urea yenye kaboni iliyowekewa alama, kisha baada ya muda mfupi hupuliza kwenye mfuko. Kaboni ile ikitoka kwenye pumzi, maana yake bakteria yupo na anafanya kazi. Njia ya tatu ni kamera, yaani mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, daktari akaangalia kwa macho na kuchukua kinyama kidogo cha kupima. Kamera ina faida ambayo vipimo vingine havina: inaonyesha kama kuna kidonda kweli. Hapo ulipo, dada, hakuna mtu aliyewahi kuona kidonda tumboni mwako, hata kama kila mtu anakiita "vidonda vya tumbo".

Sasa omeprazoli. Dawa hii na zile za jamii yake, pantoprazoli, esomeprazoli, rabeprazoli, huzuia asidi, na kwa kufanya hivyo humdhoofisha bakteria bila kumuua. Ukipima choo au pumzi huku unaimeza, kipimo kinaweza kusoma kwamba huna wakati unaye. Ndiyo maana sharti ni hili: omeprazoli iachwe kwa muda wa wiki mbili kabla ya kupima, na kuwe kumepita angalau wiki nne tangu umeze antibayotiki yoyote. Yoyote, hata ile ya kikohozi au ya mkojo. Dawa zenye bismuthi, madini yanayotumika kwenye baadhi ya dawa za tumbo, nazo ni wiki nne.

Kwako hesabu ni rahisi. Uko wiki ya tatu tangu umalize dozi. Ukiacha omeprazoli leo, baada ya wiki mbili utakuwa wiki ya tano, na siku hiyo peleka choo maabara. Nikuonye mapema: mtu aliyezoea omeprazoli kila siku akiiacha, asidi hupanda kwa kasi kwa siku kadhaa na kiungulia kinaweza kuwa kikali kuliko mwanzo. Wengi hapo hukata tamaa wakasema ugonjwa umerudi. Hiyo ni asidi inayorudi kwa nguvu baada ya kuzuiwa, na hutulia. Katika kipindi hicho tumia vidonge vya kutafuna vya magnesia, havitaharibu kipimo. Ila kama kuna daktari aliyekuandikia omeprazoli kwa sababu maalumu, kwa mfano uliwahi kutokwa na damu tumboni au unatumia dawa za kuyeyusha damu, usiiache kabla ya kuongea naye.

Utaratibu huu wote ni wa mtu asiye na dalili za hatari. Kama unatapika damu au kitu cheusi chenye chembechembe, unapata choo cheusi kinachonata chenye harufu kali, unapungua uzito bila kukusudia, chakula kinakwama unapomeza, unatapika kila siku, au umeambiwa una upungufu wa damu usio na maelezo, usisubiri wiki mbili za kipimo cha choo. Nenda hospitali yenye kamera. Damu ikitoka, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. (Vidonge vya madini ya chuma na vya bismuthi navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mweleze daktari unachomeza.) Mtu aliyeanza maumivu haya kwa mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa naye aende kwenye kamera moja kwa moja. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani husema kuanzia miaka 55 au 60. Mimi kwa wagonjwa wetu naanza kufikiria hivyo mapema zaidi, wakiwa kwenye miaka ya 40 na kitu, kwa sababu saratani ya tumbo hapa kwetu hukutwa ikiwa imeshachelewa. Na mwanaume au mwanamke mwenye kisukari au presha anayepata maumivu ya chembe ya moyo huku anatoka jasho na kuishiwa pumzi, huyo apimwe moyo kwanza.

Umeuliza mbona mdudu hafi. Tuchukulie kipimo cha choo kimeonyesha kweli yupo. Zipo sababu tatu kubwa, na mbili kati yake zinaonekana kwenye barua yako.

Ya kwanza ni siku saba. Dozi za siku saba zilikuwa kawaida zamani. Leo miongozo mikubwa ya kimataifa inataka siku 14 kwa matibabu mengi ya H. pylori, kwa sababu siku saba huacha wengi bila kupona. Bakteria huyu hujificha chini ya ule ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, mahali ambapo dawa hufika kwa shida.

Ya pili ni kurudia dozi ile ile. Ukishatumia klarithromaisini, antibayotiki inayotumika sana kwa H. pylori, mara moja na ikashindwa, bakteria waliobaki ni wale wasioisikia. Kuirudia ni kuwapa nafasi waendelee. Kanuni yetu ni kwamba klarithromaisini ikishindwa hairudiwi, na levofloxacini, antibayotiki nyingine, hali kadhalika. Usugu huu hauanzii hata kwenye matibabu ya tumbo. Erithromaisini na azithromaisini, ambazo watu hununua dukani kwa ajili ya mafua na kikohozi, ni za ukoo mmoja na klarithromaisini, na bakteria aliyezoea mojawapo huzoea zote. Metronidazoli nayo tunaimeza kwa kuhara, kwa amiba, kwa maambukizi ya ukeni, kwa jino, mpaka bakteria wa tumboni wamekua nayo. Watafiti wa hospitali ya Bugando pale Mwanza wamechapisha matokeo ya usugu wa H. pylori kwa wagonjwa wa huko, na usugu wa klarithromaisini umeonekana kuwa tatizo halisi.

Ya tatu ni jinsi dawa zinavyomezwa. Watu wengi hudhani omeprazoli ndani ya ile pakiti ni ya kupunguza maumivu tu, wakiona nafuu wanaiacha na kuendelea na antibayotiki. Kumbe yenyewe ndiyo inayoziwezesha antibayotiki. Amoksisilini huua bakteria wakati wanapozaliana, na H. pylori ndani ya asidi kali hulala, hazaliani. Asidi ikishushwa vya kutosha ndipo anapoamka na kuzaliana, na hapo dawa inamkuta. Kwa hiyo omeprazoli imezwe mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya chakula, siku zote 14.

Matibabu ninayoyaamini kwa mtu aliyeshindwa kama wewe, na ambayo miongozo mipya inayaweka mbele, yana dawa nne: omeprazoli mara mbili kwa siku, bismuthi mara nne, tetrasaiklini miligramu 500 mara nne, na metronidazoli miligramu 400 hadi 500 mara tatu au nne, kwa siku 14. Ninakuandikia hivi ili ukikaa mbele ya daktari ujue mnaongea nini. Sikuandikii uende nayo dukani. Ni vidonge vingi, na utachoka. Ulimi na choo vitakuwa vyeusi kwa sababu ya bismuthi, mdomo utakuwa na ladha ya chuma, kichefuchefu kinaweza kuja. Hayo ni ya kuvumilia na yanaisha. Usinywe pombe siku zote za metronidazoli na siku tatu baada yake. Tetrasaiklini usiimeze pamoja na maziwa, madini ya chuma wala vidonge vya kiungulia, maana haitaingia mwilini. Na kabla ya kuanza, pima mimba. Tetrasaiklini haifai kwa mjamzito, na mara nyingi matibabu haya tunayaahirisha mpaka mama ajifungue.

Bismuthi haipatikani kila mahali. Nimewahi kuona wagonjwa wakizunguka maduka mpaka wakaamua kuchukua chochote kilichopo, na hapo ndipo mambo huharibika. Ikikosekana, daktari wako ana njia nyingine, mojawapo ni amoksisilini kwa kiwango kikubwa, gramu moja mara tatu kwa siku, pamoja na dawa ya asidi ya kiwango cha juu, siku 14, kama huna mzio wa penisilini. Kuhusu levofloxacini ninasita sana hapa kwetu. Mtu mwenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa akipewa dawa hiyo, kikohozi kinaweza kupoa kwa muda, ugonjwa ukachelewa kujulikana, na vimelea vya kifua kikuu vikajifunza usugu. Kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mwambie daktari kabla hajaiandika.

Mtajie pia daktari kila dawa unayotumia. Klarithromaisini hugongana na baadhi ya dawa za kolesteroli, za kifafa na za kuyeyusha damu. Omeprazoli hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za ARV, hasa atazanaviri na rilpivirini. Kwa wasomaji wa pwani wanaoniuliza kuhusu Ramadhani: kama hakuna dharura, panga siku zako 14 nje ya mwezi wa mfungo. Dawa za mara nne kwa siku hazikai vizuri kati ya futari na daku.

Ukimaliza, subiri tena wiki nne, acha omeprazoli kwa wiki mbili za mwisho, pima choo. Usipime damu tena maishani kwa ajili ya jambo hili.

Nimekuwa nikizungumza kana kwamba choo kitaonyesha bakteria yupo. Huenda kisionyeshe. Kwa kweli sitashangaa ikiwa dozi yako ya kwanza au ya pili ilishamwua, na maumivu uliyonayo yanatoka kwingine. Hapo ndipo ninaporudi kwenye diklofenaki.

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na wenzake huondoa kinga ya ukuta wa tumbo. Zinaweza kutoboa kidonda kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na H. pylori, na zikikutana na H. pylori hatari ya kidonda na ya kutokwa na damu inakuwa kubwa kuliko kwa kila kimoja peke yake. Sindano au kidonge, haina tofauti kubwa, kwa sababu madhara yake hupitia kwenye damu. Unameza dawa ya kutibu tumbo asubuhi na ya kulichubua jioni. Iache kuanzia leo. Kwa mgongo tumia paracetamoli, na mgongo wenyewe nao uchunguzwe. Dawa hii peke yake inaweza kuwa maelezo ya mwaka wako mzima.

Uwezekano mwingine ni kwamba tumbo lako halina kidonda wala bakteria, ila linafanya kazi kwa usumbufu: linajaa upesi, lina gesi, linauma bila jeraha. Hali hiyo ni ya kweli, si ya kujitungia, na ndiyo inayokuta watu wengi wanaofanyiwa kamera kwa maumivu kama yako. Kwa watu hawa, hata H. pylori akiwepo na akauawa, anayepata nafuu kwa sababu hiyo ni karibu mmoja tu kati ya 14. Nafuu ya wengine huja kwa kula kidogo kidogo, kutokula usiku sana, dawa za asidi kwa muda maalumu, na wakati mwingine dawa za kutuliza mishipa ya fahamu ya tumbo kwa kiwango kidogo. Kwa mwenye kidonda halisi hali ni tofauti kabisa. Kwake kumuua bakteria ni jambo kubwa, kwa sababu bila hivyo kidonda hurudi kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa ndani ya mwaka, na bakteria akiisha kidonda hurudi kwa wachache sana. Unaona basi kwa nini kamera ni muhimu kama utaendelea kuumwa.

Najua umeshaambiwa uache pilipili, maharage, chai ya rangi na mawazo. Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini vidonda vinatokana na hayo, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipomwotesha bakteria huyu maabara mwaka 1982. Wenzao waliwapuuza, na mwaka 1984 Marshall aliamua kunywa bakteria hao mwenyewe, akaugua uvimbe wa tumbo ndani ya siku chache. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chakula kinachokuuma kiache kwa sababu kinakuuma, lakini pilipili haikukuletea ugonjwa, na huna haja ya kuishi kwa uji na mtindi. Maziwa hutuliza kwa dakika chache kisha huamsha asidi. Juisi ya kabichi, asali na unga wa ubuyu ni chakula, kula ukipenda, ila havimwui H. pylori, na wanaoviuza mitandaoni kama tiba ya uhakika wanachukua pesa za watu wenye maumivu.

Swali lako la mwisho, mume na watoto. Bakteria huyu hupita mdomo kwa mdomo, kwa matapishi na kwa choo, na mara nyingi kutoka kwa mzazi au kaka na dada kwenda kwa mtoto mdogo. Mume wako inawezekana kabisa anaye, na alimpata akiwa mtoto kwao, kabla hamjakutana. Sahani yenu msiitenganishe. Kama haumwi tumbo, hajawahi kuwa na kidonda, na hakuna mzazi wala ndugu wa damu aliyeugua saratani ya tumbo, mimi simpimi. Kama ana dalili, apime choo kwa utaratibu ule ule. Watoto usiwapime kwa maumivu ya tumbo ya kawaida. Kwa mtoto sababu nyingine ni nyingi zaidi, kuanzia minyoo hadi choo kigumu, na antibayotiki mbili za siku 14 kwa mtoto asiyezihitaji ni madhara matupu. Mtoto anayetapika damu, asiyekua vizuri, anayeamshwa usiku na maumivu, au mwenye upungufu wa damu usiopona kwa madini ya chuma, huyo mpeleke kwa daktari wa watoto. Nyumbani kwenu kinachofaa ni mikono kuoshwa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, maji ya kunywa yachemshwe, na mama asimtafunie mtoto chakula kabla ya kumlisha.